Neno la Shukrani la Bi Nyamizi

Kama hujawahi kufika Utulivuni, usijilaumu. Ni nchi ndogo, haina makuu, na wengi waliofika hawakupewa ruhusa ya kuondoka wakasimulie. Ila kwa amani, jamani, haina mpinzani. Huko mtu hagombani na mtu. Mwenye neno lake analimeza, anayeshindwa kulimeza anasaidiwa, na wanaojua zaidi habari za msaada huo wako gerezani, ambako nasikia kuna utulivu kuliko hata mitaani.

Amani yote hiyo ilisimamiwa na shirika moja lisilo la kiserikali, ambalo mlezi wake alikuwa serikali. Liliitwa Tuyamalize. Ukutani pa ofisi yao palichorwa maneno makubwa ya rangi ya kijani, "Yaliyopita si ndwele", na walikuwa wepesi sana kuyatumia, wakati mwingine hata kabla yaliyopita hayajapita.

Zamani bodi ya Tuyamalize ilikuwa ya wanaume. Siku moja wafadhili wa ng'ambo wakatazama picha ya bodi, wakaona suti tupu, wakauliza akina mama wako wapi. Bwana Fikirini Tosha, Mkurugenzi Mtendaji, akajibu kwa moyo mweupe kwamba wako jikoni, wanawapikia wageni. Wafadhili hawakucheka. Mwezi haukuisha, bodi nzima ikawa ya akina mama. Wale wanaume wakageuzwa kuwa washauri wa bodi, wakaendelea kukalia viti vile vile, ila vilisogezwa nyuma kidogo ili visiingie kwenye picha.

Mwenyekiti alikuwa Bi Salhina, mjane wa waziri wa zamani, mwanamke mpole aliyeweza kumwambia mtu nyumba yako inaungua na mtu akajisikia kubembelezwa. Makamu wake alikuwa Daktari Generosa, aliyesoma mpaka ng'ambo na kupata shahada yake kwa utafiti juu ya mchango wa tabasamu katika kuzuia vita. Walikuwapo na wengine, wake za watu na dada za watu. Na alikuwapo Nyamizi, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye hakuwa mke wala dada wa mtu yeyote wa maana. Yeye alichukuliwa kwa ajili ya kinywa chake, kwa kuwa alijua kushukuru.

Hapa lazima nikueleze, maana kwenu huenda hakuna. Utulivuni hakifungwi kikao, hakizinduliwi choo, hazikwi mtu, bila neno la shukrani. Kutoa hotuba ni kazi ya wanaume, na kushukuru kwa hotuba ni kazi ya wanawake. Huo wenyeji waliuita usawa, na katika taarifa zao waliandika kwamba akina mama wanazungumza kwenye kila mkutano. Na shukrani huko hazikataliwi. Ukishukuriwa unasimama, unasema "asante kushukuru", unaupokea wema uliotajiwa, na unauongezea chumvi kidogo ili aliyekushukuru asionekane mwongo. Mshereheshaji mmoja aliwahi kuchanganya mambo, akamshukuru mkuu wa wilaya kwa kuunguza soko. Mheshimiwa akasimama, akapokea, akaeleza kwamba kazi ile haikuwa rahisi kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha. Watu wakapiga makofi, wakaenda kula.

Nyamizi alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Alishawahi kushukuru kwa barabara ambayo aliifikia kwa kuvuka mto kwa miguu, sketi kaishika mkononi. Akirudi nyumbani alikunywa maji mengi, akajiambia kwamba maneno hayaui mtu. Pensheni yake ilikuwa ikichelewa, na kwenye bodi walau palikuwa na chai nzito na watu wa kumwita mwalimu.

*

Mambo yaliharibika Kokotoni. Hicho ni kilima nje kidogo ya mji, ambako akina mama wameketi miaka nenda miaka rudi wakigonga mawe kuwa kokoto, na hakuna ghorofa Utulivuni ambalo halikusimama juu ya jasho lao. Asubuhi moja wakakuta kilima kimezungushiwa uzio na kibao kinasema kimepata mwekezaji. Wakauliza ni nani huyo. Wakaambiwa hiyo ni siri ya maendeleo. Basi wakaketi barabarani, nyundo mapajani, wakasema watasubiri hapo hapo mpaka maendeleo yajitokeze hadharani wayaone uso.

Aliyepanda juu ya lundo la kokoto na kuuliza kwa sauti kilima kimeuzwa kwa nani alikuwa Kabula, binti wa Kalunde, na Kalunde ni mdogo wake Nyamizi, tumbo moja. Kabula alisoma akikaa kwa mama yake mkubwa. Ni Nyamizi aliyemfundisha kusimama wima mbele ya watu na kutoa sauti bila kuona haya, na jambo hilo lilikuja kumuuma kuliko yote.

Askari wakafika na moshi wao na virungu vyao. Watu wakatawanyika. Kabula alionekana akipandishwa kwenye karandinga, kandambili iko mguu mmoja tu. Jioni redio ya taifa ikatangaza kwamba vyombo vya usalama vimewasindikiza akina mama wa Kokotoni majumbani kwao.

Kalunde alisubiri mwanawe asindikizwe. Alipoona kimya akaanza kuzunguka vituoni, na alipochoka kuzunguka akaja kwa dada yake, kandambili ya pili iko kwenye mfuko wa rambo.

"Kituo cha kwanza wanasema hawana mtu wa jina hilo," alisema. "Cha pili wananirudisha cha kwanza. Cha tatu askari kaniuliza kama nina uhakika kwamba nilizaa."

"Tulia, mdogo wangu. Atakuwa yupo mahali."

"Mahali wapi? Wewe si unakaa nao meza moja, dada? Unakula nao pilau, unawashukuru, wanacheka. Waulize basi mtoto yuko wapi. Sitaki kingine."

Nyamizi akasema atawauliza. Alilisema kwa wepesi, kama mtu anayeagizwa chumvi dukani, na Kalunde alipoondoka akajionea aibu.

*

Bodi ya Tuyamalize ilikuwa na utaratibu wake. Jambo likiletwa mezani, Bi Salhina alitazama huku na huku kwa upole, akauliza, "Jamani, tuyamalize?" Wajumbe wakajibu, "Yameisha." Hapo jambo lilikuwa limekwisha, hata kama lilikuwa halijaelezwa. Kwa njia hiyo waliwahi kumaliza ugomvi wa wafugaji na wakulima kabla chai haijapoa, ingawa wafugaji na wakulima wenyewe hawakupata taarifa, wakaendelea kuuana.

Siku hiyo ajenda ilikuwa sare ya Sikukuu ya Amani. Daktari Generosa alitaka nyeupe, akasema utafiti unaonyesha weupe unapunguza hasira ya mtazamaji. Bi Salhina akasema weupe unashika vumbi. Asubuhi nzima ikaishia hapo, mpaka wakakubaliana buluu yenye maua meupe. Walipofika kwenye mengineyo, Nyamizi akanyoosha mkono.

"Mwenyekiti, kuna binti amepotea Kokotoni. Alichukuliwa na gari la polisi."

Mshauri mmoja kule nyuma akakohoa.

"Hilo neno 'amepotea' lina ukali," alisema Daktari Generosa, taratibu kabisa. "Linamtupia mtu lawama, na sisi shirika la amani hatuna upande. Tuseme amechelewa kurudi."

"Amechelewa tangu wiki ya juzi, Daktari."

"Basi tuseme amechelewa sana. Hapo naweza kukuunga mkono."

"Ni mtoto wa mdogo wangu. Nimemlea mimi."

"Pole mno, mwalimu," akadakia Bwana Fikirini, ambaye hakuwa mjumbe wa bodi ila ndiye aliyekuwa akijibu kila swali la bodi. "Lakini kumbe ni ndugu yako. Hapo pana mgongano wa maslahi. Kanuni zinakutaka utoke nje ili wenzako walijadili kwa uhuru."

Nyamizi akatoka. Hakuwahi hata kurudishia mlango, akasikia sauti ya upole ikiuliza watu kama wayamalize, na sauti za wenzake zikijibu kwa pamoja.

Baadaye Bi Salhina akamfuata kwenye korido, akamshika mkono. Hakuwa na roho mbaya mama yule. Alikuwa tu amekaa karibu na wakubwa muda mrefu mno, mpaka akawa anaomba ruhusa hata ya kupiga chafya.

"Mwanangu, nisikilize mimi mtu mzima," alinong'ona. "Kesho kutwa Kamanda Lugongo wa polisi anapewa Ngao ya Amani, na wewe ndiye mwenye neno la shukrani. Yule bwana namjua, alikuwa akija nyumbani enzi za marehemu. Ni mkavu, lakini akishukuriwa analainika. Mmwagie sifa. Ukimshukuru vizuri, mtoto atarudi mwenyewe."

"Na kama nikimuuliza tu, mama, yuko wapi?"

"Ukimuuliza atakwambia hamjui. Kamanda haulizwi, mwanangu."

Maneno hayo Nyamizi akaenda nayo nyumbani. Kesho yake, anapiga pasi ile sare ya buluu, akamkumbuka yule mkuu wa wilaya na soko lake, akaiacha pasi mpaka ikaunguza ua moja. Kamanda akiulizwa atakana, hilo ni kweli. Lakini akishukuriwa hadharani hawezi kukana. Atapokea, na kwa kuwa ni mtu wa kujisikia, ataongeza chumvi. Basi hatamuuliza Kabula yuko wapi. Atamshukuru kwa kukaa naye.

*

Uwanja ulifurika. Watumishi wa umma walikuja kwa hiari, wakaandikishwa majina kwa hiari, kisha mageti yakafungwa kwa hiari yao hiyo hiyo. Njiwa wa amani walikosekana sokoni, wakarushwa kuku weupe, nao hawakufika mbali. Akina mama wa Kokotoni waliletwa na lori wakasimamishwa nyuma ya kamba, upande wa jua, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wanaridhiana na serikali. Kalunde alikuwamo, na Nyamizi alimwona toka jukwaani kabla hajaketi.

Waziri alizungumza mpaka kivuli kikahama. "Amani si mchezo," alisema. "Amani ni amani. Na yeyote asiyeitaka, tutamtafuta kwa amani mpaka tumpate." Kisha Kamanda Lugongo akavishwa ngao. Msoma sifa alieleza kwamba kule Kokotoni amani ilitoweka baada ya chai ya asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana Kamanda alikuwa ameshairudisha, akiwa na gari moja tu na vijana wachache wenye moyo.

Nyamizi akaitwa. Alishuka ngazi zote za itifaki bila kuruka hata moja, toka mgeni rasmi hadi mwenyekiti wa mtaa. Halafu akamgeukia mwenye ngao.

"Kamanda wetu, tunakushukuru kwa moshi wako, maana wengi wetu tulikuwa na machozi ya siku nyingi na hatukuwa na nafasi ya kuyatoa. Tunakushukuru kwa virungu, kwa kuwa sasa tunajua hospitali yetu haina bandeji." Jukwaa kuu likatikisa vichwa kwa kuridhika. Waziri alikuwa anatazama simu yake. "Na mimi kipekee, kwa niaba ya familia, nakushukuru kwa kumchukua binti yetu Kabula Mashauri pale Kokotoni, ukampandisha gari la serikali bila kumtoza nauli, na ukakaa naye mpaka leo. Sisi wazazi wake hatujui alipo, unajua wewe. Asante sana, baba."

Bwana Fikirini akainuka nusu kitini, lakini alikuwa ameshachelewa. Mtu aliyezoea kushukuriwa hasikilizi anashukuriwa nini. Anasikia asante tu, na mwili wenyewe unasimama. Kamanda alikuwa ameshasimama, ngao inang'aa kifuani.

"Asante kushukuru, mwalimu," alisema, na sauti yake ilikuwa imelainika kweli, Bi Salhina hakukosea. "Na wengine waige. Watu wanatusema askari hatuna utu. Yule binti tulimpokea vizuri, tukampa chumba chake peke yake, hatukumchanganya na wahalifu. Alikuwa mbishi, anauliza maswali, na vijana wangu walimjibu kila swali kwa nguvu zao zote. Na hata alipotangulia mbele ya haki, siku ile ile, hatukumtupa. Yupo mochwari ya kambi mpaka leo, kwenye jokofu zuri, umeme haujakatika, gharama zote ni za serikali. Asante kushukuru."

Akaketi. Mshereheshaji akaomba makofi, na makofi yakaja, kwa kuwa mikono ilikuwa imezoea. Bi Salhina, ambaye kazi yake katika sherehe zote ilikuwa kuanzisha vigelegele, akaanzisha. Ulimi ulikwenda kabla masikio hayajafika. Wajumbe wa bodi wakampokea, sare zao za buluu zikipepea, na ndani ya vigelegele hivyo ikapanda sauti ya Kalunde kutoka nyuma ya kamba.

Nyamizi aliijua sauti hiyo. Aliisikia mara ya mwisho siku waliyomzika mama yao. Akina mama wa Kokotoni wakaipokea, mmoja baada ya mwingine, mpaka vigelegele vikanyamaza na kilio kikabaki peke yake uwanjani. Alitaka kujua mtoto yuko wapi, na sasa alikuwa anajua. Alisimama pale mbele ya kipaza sauti akikichukia kinywa chake na kila kitu kilichowahi kutoka humo.

Jioni redio ya taifa ikasema akina mama walishindwa kuizuia furaha yao, wakapaza sauti uwanja mzima.

*

Bodi iliitishwa kwa dharura. Kumlaumu Kamanda hakuna aliyemlaumu, kwa kuwa alishukuriwa naye akapokea, kiungwana, na habari zilizokuwapo ni kwamba atapandishwa cheo kwa ukarimu wake. Ajenda ilikuwa kukiuka itifaki ya shukrani, yaani kumtaja raia wa kawaida kwa jina, tena mbele ya Waziri.

"Mwalimu, umetuweka mahali pagumu," alisema Daktari Generosa. Macho yake yalikuwa mekundu, hilo nalisema ili nisimdhulumu. "Ungeniletea hotuba niipitie."

"Mtoto amekufa, Generosa."

"Najua. Nimelia. Lakini shirika haliwezi kulia, lina katiba yake."

"Sisi ni bodi. Katiba inasema tukiamua, Bwana Fikirini anatekeleza. Tuamue basi. Tuseme leo, kwa majina yetu, kwamba binti wa watu ameuawa na polisi. Tuikane ile ngao aliyopewa. Akina mama wote hawa, watatufanya nini?"

Mjumbe mmoja alianza kufungua kinywa, akatazama nyuma waliko washauri, akaomba apitishiwe sukari. Kila mmoja alikuwa na mtoto wake mahali, kazini au chuoni, na kila mmoja alikuwa anamwogopea huyo.

"Jamani," alisema Bi Salhina, na safari hii hakutazama huku wala huku. "Tuyamalize?"

Akasubiri. Wajumbe walikuwa wameinamia vikombe vyao, mdomo haufunguki. Ilikuwa mara ya kwanza tangu shirika lianzishwe, na kwa kitambo kidogo Nyamizi akapata tumaini.

"Yameisha," akasema mshauri mmoja kutoka nyuma, na Bwana Fikirini akaandika kwamba bodi imeafiki kwa kauli moja.

Nyamizi akachukua mkoba wake akatoka bila kuaga. Kumfukuza hawakumfukuza, kwa sababu picha mpya ya bodi ilikuwa imeshapelekwa kwa wafadhili. Waliandika kwamba ametoa udhuru.

*

Mochwari ya kambi ipo nyuma ya karakana ya magari. Nyamizi na Kalunde walifika asubuhi, jeneza limebaki nje kwenye mkokoteni pamoja na akina mama wa Kokotoni waliolisukuma. Dirishani alikuwapo koplo mmoja, kijana mwenye adabu, akawapa pole, akawapa na benchi.

"Mwili upo, mama zangu," alisema. "Tena hauna matatizo. Ila kuna utaratibu mpya umetoka makao makuu. Kwa kuwa marehemu amehifadhiwa kwa gharama ya serikali, familia itatoa kwanza neno la shukrani, halafu ndiyo nafungua."

Kalunde akamtazama bila kuelewa. Alipoelewa akasimama, akaenda karibu na dirisha.

"Asanteni," alisema. "Sasa nipeni mwanangu."

"Fupi mno, mama. Halina itifaki, wataniuliza." Kisha koplo akamtazama vizuri yule mwingine, uso wake ukachangamka. "Kumbe ni mwalimu wa shukrani, yule wa uwanjani. Basi leo tumebahatika." Akawaita wenzake toka karakana, wakaja wakijifuta mikono, wakapanga mstari.

Nyamizi akautazama mlango wa chuma. Alikuwa ameapa kwamba hatamshukuru tena mtu yeyote maisha yake yote, na kiapo chenyewe kilikuwa hakijalala hata siku mbili. Alitaka kuwaambia wale vijana walichokuwa, neno moja moja, mbele ya silaha zao.

"Dada," akasema Kalunde kwa sauti ya chini, "sema tu. Nataka nimzike."

Basi Nyamizi akasema. Alianza na Mkuu wa Nchi na hekima zake. Akaja kwa Waziri, akaja kwa makatibu wa Waziri, akaja kwa Kamanda na familia ya Kamanda, akaingia mkoani na kamati zake zote, na kila aliporuka ngazi moja koplo aliinua kidole kwa heshima, akamwomba aanze upya. Alianza upya. Alikuwa hajafika hata wilayani pale Kalunde alipokaa chini sakafuni, akavua kanga yake ya begani, akaikunjua mapajani iwe tayari kwa mtoto, akasubiri dada yake amalize kushukuru.